Skrubu Niliyoikaza kwenye Pedeli za Elisante

Vijana wangu, kila mnapopita hapa kwangu Levolosi na baiskeli zenu za gia, swali ni lile lile: Mzee Rajabu, pedeli ipi bora, bapa au mtego? Mnauliza mkiwa bado mmekalia baiskeli, mguu mmoja chini, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya huku ana safari. Mnataka neno moja mwondoke. Mimi neno moja sina. Nina kisa cha mtu aliyeponea chupuchupu mbele ya macho yangu kwa sababu ya pedeli, na mkono uliomfikisha pale ni huu huu ninaoandikia. Kisomeni mpaka mwisho, halafu mkachague wenyewe.

Mtu huyo ni Elisante. Tulifanya kazi pamoja ya kuwapeleka wageni kwa baiskeli kwenye miteremko ya Meru. Yeye alitangulia mbele kwa sababu ni kwao, anajua kila mfereji na kila kichochoro cha migombani juu ya Tengeru. Mimi nilikaa nyuma kabisa na begi la spana, kwa sababu mimi ni fundi na ni mtu wa mjini, na njia za kule zilikuwa zinanitia woga ambao sikupenda uonekane.

Kwa asiyejua tofauti, nitaeleza mara moja tu. Pedeli bapa ni ya kukanyaga, hata ukivaa ndala. Zile za milimani zina meno madogo ya chuma yanayouma soli ili mguu usiteleze. Mtego ni kidude kidogo kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni, hakina hata pa kukanyaga vizuri. Unavaa kiatu maalumu chenye kipande cha chuma chini ya soli, unakisukuma, kinalia ta, mguu umenaswa. Ukitaka kutoka unapeleka kisigino nje, mtego unafunguka. Jina hilo tulilitunga sisi wenyewe, kwani vidude hivyo vilifanana na mitego ya panya hata kwa mlio. Ndani yake kuna springi, na springi ina skrubu ndogo ya kuikaza au kuilegeza. Hiyo skrubu ndiyo habari yenyewe.

Sasa niwaambie kichwa changu kilikuwa na nini siku ile, maana bila hivyo mtaniona mjinga mtupu, na mimi ningependa mnione mjinga nusu tu.

Ufundi nilifundishwa na Mzee Hemedi, mtu wa Kondoa kama marehemu baba, kwenye kibanda cha mabati karibu na soko. Ilikuwa miaka ya kukosa kila kitu. Baiskeli zilikuwa zile nyeusi nzito, na kipuri kikifa umezika. Tulichonga pedeli kwa mbao za mti wa mgrevilea, tukakata tairi la lori kuwa mpira wa breki, tukaziosha gololi kwa mafuta ya taa na kuzirudisha zikiwa zimechakaa vile vile. Katika hali hiyo ugonjwa ulikuwa mmoja tu, kulegea. Pedeli inalegea, usukani unalegea, tairi inacheza kushoto na kulia. Mzee Hemedi alikuwa na amri moja kwa magonjwa yote. "Kaza mpaka ikuambie basi," alisema, na ukiachia spana kabla nati haijalia anakuzaba kofi la kisogo. Nilikaa naye miaka tisa. Kwa baiskeli zile alikuwa sahihi kabisa, na mpaka leo nikishika spana mkono wangu unasikia sauti yake kabla sijafikiri.

Halafu soko likafunguliwa. Ninyi mnasema soko huria kama neno la kitabuni, lakini sisi tuliliona likishushwa kwenye makontena. Ghafla kulikuwa na mashati, masufuria, redio, na baiskeli kuukuu za Ulaya zenye gia ishirini na moja. Ya kwanza ilipoletwa kibandani niliizunguka mara tatu kabla ya kuigusa. Mzee Hemedi aliitazama cheni yake nyembamba akasema, "Hii ina kifua kikuu," akarudi kwenye kahawa yake. Hakuwahi kuzigusa mpaka alipofariki. Mimi nilizigusa, na kwa kuwa hakukuwa na wa kuniuliza nimejulia wapi, nikaanza kuitwa fundi wa gia. Sifa hiyo niliipenda mno, na hapo ndipo nilipoanza kupotea.

Mtu aliyeipokea sifa hiyo bila kuikagua alikuwa Mama Aika, Mchaga wa Machame. Alikuwa mpiga chapa kwenye shirika la umma, shirika likapunguza watu naye akawa miongoni mwao. Wenzake walifungua maduka ya vitenge. Yeye alikodi chumba kando ya barabara ya Moshi, akanunua baiskeli sita za gia, akaandika kwenye ubao kwamba anatembeza watalii. Tulicheka. Mzungu apande ndege kutoka kwao, aje Arusha, apande baiskeli? Wakaja, na wakarudi na ndugu zao. Mama Aika akatuajiri Elisante na mimi, akatuambia maneno mawili tu: mgeni asiumie, na msinitie aibu. Kwa upande wa kwanza tulijitahidi.

Tulianza wote na bapa. Bapa ni pedeli ya mtu mwaminifu, haikufichi kitu. Ukikanyaga vibaya unajua papo hapo, kwa sababu inarudi kwa kasi na kukutafuna muundi kwa yale meno yake. Ninayo makovu kumi na mawili, mke wangu huyahesabu akikosa la kusema. Siri ya bapa ni kushusha visigino unapoteremka, pedeli ikae chini ya kitanga cha mguu na si chini ya vidole, na magoti yalegee. Elisante alivaa katambuga, zile ndala za tairi, na meno ya pedeli yaliuma ule mpira vizuri kuliko viatu vya wageni. Nimeona Mjerumani mwenye viatu vya bei mbaya akiteleza nyuma ya Elisante mwenye katambuga, nikamezea kicheko kwenye begi la spana.

Mtego uliingia kwa zawadi. Mgeni mmoja alipomaliza likizo yake alifungua pedeli zake mwenyewe, akavua na viatu, akampa Elisante. Vikamtosha kana kwamba walipimwa pamoja. Elisante alikuwa na miaka ishirini na sita, mkewe Neema alikuwa na mimba ya kwanza, na alikuwa mpanda mlima mwenye mapaja kama magogo. Alipoona kwamba kwa mtego mguu husukuma ukishuka na kuvuta ukipanda, akawa kama mtu aliyeongezewa injini. Wiki ya kwanza alianguka mara nne. Mara moja ilikuwa siku ya gulio la Tengeru, mbele ya akina mama wa ndizi. Alisimamisha baiskeli vizuri kabisa, akasahau kuchomoa mguu, akalala ubavu taratibu kama mnazi uliokatwa. Mama mmoja akamuuliza kama anauzwa na baiskeli au peke yake.

Alizoea. Kisha akaja na lalamiko. "Fundi," aliniambia jioni moja, "kwenye mpando mkali mguu unaponyoka. Nikivuta sana unatoka wenyewe. Hebu itazame kesho kabla hatujatoka."

Kesho yake asubuhi nilikuwa peke yangu karakana. Niliinama, nikaitazama mitego ile miwili, nikaona skrubu. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kuigusa. Hapakuwa na mtu Arusha niliyemjua ambaye amewahi kuigusa, na hata angekuwepo nisingemuuliza, kwani mimi ndiye fundi wa gia. Nikasikia neno "unaponyoka", na kwa masikio ya Mzee Hemedi kuponyoka ni kulegea. Nikachukua ufunguo wa L, nikakaza. Skrubu ile ndogo inatoa mlio mdogo kila inapogeuka, tik, tik, tik. Niliikaza mpaka ikaniambia basi. Upande wa pili vile vile. Sikuwa na kiatu cha kujaribia, na sikumngoja mwenye kiatu ajaribu. Elisante alipofika mbio mbio, wageni wakiwa wamekwisha kaa tayari, akauliza, "Vipi ile?" Nikamwambia, "Tayari." Neno hilo nimelitumia kwa uangalifu sana tangu siku hiyo.

Wageni walikuwa wawili, mume na mke kutoka Uholanzi, watu wapole. Tulipanda mpaka ukingoni mwa msitu. Elisante alikuwa na furaha. Kila kona ananipigia kelele, "Fundi, leo umeipatia! Haitoki hata nikivuta!" Nikapunga mkono kama mkubwa.

Juu msituni tukasimama kunywa maji. Wote tulishuka. Elisante hakushuka. Aliushika mti kwa mkono mmoja, akapeleka kisigino nje, hakikutoka. Akapeleka tena kwa nguvu. Akauma meno, akapinda mwili mzima, mara ya nne au ya tano mguu mmoja ukachomoka kwa kishindo, nusura agonge kichwa kwenye mti. Mguu wa pili ulimchukua muda zaidi. Akacheka, akajifuta jasho. Wageni nao wakacheka.

Mimi sikucheka. Niliona kila kitu, na nilielewa. Ufunguo wa L ulikuwa mfukoni mwangu. Ingenichukua dakika mbili, mizunguko michache kila upande, basi. Lakini ili nifanye hivyo ningelazimika kusema mbele ya wageni na mbele ya Elisante kwamba nilikaza kitu nisichokijua. Nikajiambia tunateremka tu, hatasimama mpaka barabarani. Nikajiambia nitailegeza jioni. Vijana, niliushika ule ufunguo mfukoni, nikausikia ulivyo baridi, nikauacha humo humo.

Hapa nawaeleza desturi moja, maana ninyi wa mjini mmeiacha na mimi mwenyewe sikuwa nayo. Kwao Elisante, ukikutana na mzee njiani nawe umepanda baiskeli, unashuka. Si kupunguza mwendo na kuinua mkono. Miguu yote miwili inakanyaga ardhi, ndipo unatoa shikamoo. Mimi nilikuwa nawarushia wazee shikamoo kutoka kwenye kiti huku naendelea, na Elisante alikuwa akinicheka, akisema shikamoo zangu zina mabawa. Yeye hakuwahi kupita mzee bila kushuka, hata akiwa na wageni sita nyuma, hata mvua ikinyesha.

Njia ya kuteremkia inafuata mfereji. Kushoto ni ukingo wa mlima na migomba, kulia ni korongo. Si korongo la kutisha kwa macho, kwa sababu limejaa majani ya kijani, lakini chini yake kuna mawe na maji, na kina chake kinazidi nyumba ya ghorofa mbili. Njia yenyewe ina upana wa mtu mmoja na kikapu. Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha, udongo mweusi ukawa kama sabuni. Tulikuwa na utaratibu wa kuwashusha wageni kwenye kipande kile, wanakokota baiskeli zao nyuma yetu taratibu. Elisante alitangulia kwenda kuangalia daraja la magogo lililo mbele, nami nikamfuata hatua kama ishirini nyuma yake.

Akatokea bibi mmoja kwenye kona, amejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe uliofunika uso wake mpaka machoni. Alikuwa ameijaza njia yote. Nilimwona Elisante anakamata breki. Nilimwona anapeleka kisigino nje. Nikajua kabla hakijatokea.

"Pita tu!" nilipiga kelele. "Usishuke, Elisante, egemea mlima!"

Hakuweza kupita, na hata angeweza asingepita. Baiskeli ilikuwa imekwisha simama. Alipinda mara moja, mara mbili, miguu yote miwili imenaswa, mkono mmoja ukaanza kutafuta hewa. Akaegemea kulia. Wala hakupiga kelele. Nilimwona akienda taratibu, kama siku ile ya gulio, ila safari hii upande aliokuwa akilalia haukuwa na ardhi.

Nilipofika ukingoni nilikuwa nimeitupa baiskeli yangu sijui wapi. Nikachungulia. Usukani wa baiskeli yake ulikuwa umenasa kwenye kisiki cha mgrevilea, kama hatua mbili chini ya njia. Baiskeli inaning'inia kwenye kisiki, na Elisante ananing'inia kwenye baiskeli, kichwa chini, mgongo kwenye majani yaliyolowa. Mguu wa kulia ulikuwa umechomoka kwa nguvu ya kuanguka na goti lilikuwa limekaa vibaya, sikuweza kulitazama. Kilichomshikilia duniani kilikuwa mguu wa kushoto, ndani ya mtego.

Na alikuwa anapambana kuuchomoa. Mwili wake ulikuwa bado unafanya kazi aliyoianza juu, ya kutoka kwenye baiskeli. Kisigino kinakwenda nje, kinarudi, kinakwenda nje. Kila akijipinda, kisiki kinalia na udongo unamwagika usoni mwake.

"Tulia! Acha mguu!"

"Unatoka, Fundi!" Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Nausikia unatoka!"

"Hautoki!"

"Unajuaje?"

Hapo nilikuwa nimelala kifudifudi matopeni, nimenyoosha mkono usiomfikia. Ningeweza kusema maneno yoyote ya kutuliza. Lakini nilimwona machoni kwamba hataamini maneno ya kutuliza, ataendelea kupiga mateke mpaka ama mtego ufunguke ama kisiki king'oke. Lilibaki neno moja tu ambalo angeliamini.

"Kwa sababu nimeikaza mimi," nikasema. "Leo asubuhi. Skrubu nimeikaza mpaka mwisho, pande zote mbili. Ndiyo maana umeshindwa kushuka. Ni mimi, Elisante. Hauwezi kutoka kwa kuvutwa, utatoka ukiuzungusha tu. Usiuzungushe."

Mguu ukatulia. Alinitazama kutoka kule chini, uso umegeuka, damu imemjaa kichwani.

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Basi fanya haraka," akasema, akafumba macho.

Yule bibi alikuwa amekwisha tupa mzigo wake. Nilidhani analia, kumbe anafungua kamba ya majani, kamba ndefu ya katani. "Chukua! Unamtazama nini mwenzio?" Nikaizungusha kiunoni mwangu na kufunga fundo, akaliona, akalifumua. "Hilo ni la kufungia mkate," akasema, akafunga lake, akapeleka upande mwingine wa kamba kwenye mgrevilea uliosimama kando ya mfereji. Waholanzi walikuwa wamefika, hakuna aliyewaeleza kitu, wakaishika kamba kwa mikono minne, na bibi mikono miwili.

Niliteremka hatua mbili, ndefu kuliko zote nilizopiga maishani. Nilimwogopa Elisante kuliko nilivyoliogopa korongo. Nikaukamata mkanda wake wa suruali, nikapitisha mkono wangu chini ya kwapa lake, nikawaambia wa juu wavute. Hapo tukakwama, maana mguu haukutoka kwenye pedeli. Nilijaribu kwa mkono na haukutoka, nilikuwa nimekaza vizuri. Ilibidi nifungue kamba za kiatu kwa meno na vidole viwili, nikiwa nimembeba kwa mkono mwingine. Mguu ukatoka na soksi tu, kiatu kikabaki kwenye baiskeli. Tulivutwa juu kama magunia, kwa kukwaruzwa na kwa kelele.

Elisante alilala njiani, mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi, goti limevimba ukilitazama. Mke wa Mholanzi alikuwa anamfuta uso. Yeye akageuza shingo, akamtafuta bibi.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu yule bibi, na sasa ndipo alipoanza kulia. "Ungenisalimia tu ukiwa huko huko juu ya baiskeli. Ningeitika."

Mimi hakunitazama, wala sikustahili.

Goti lilimweka nyumbani miezi mitano. Wageni walimsimulia Mama Aika kwa Kiingereza jinsi nilivyoteremka korongoni, naye akanisifu mbele ya watu wote, akaamuru mitego ile ifunguliwe ikatupwe. Hapo ningeweza kunyamaza mara ya pili, na nawaambia kweli kwamba nilifikiria. Nikasema, "Mama, si pedeli. Ni mimi niliyezikaza." Akasema basi mitego isitupwe, ila mimi nitabaki karakana, nisitoke na wageni mpaka Elisante atakaporudi na kusema anataka kutoka na mimi. Ilikuwa haki.

Siku ya pili yake nilikwenda kwao Elisante na sukari na mchele. Neema alinipokea kwa adabu zote, tumbo lake likiwa karibu. Akanitengea chai. Elisante alikuwa amelala chumba cha pili, nilimsikia anavyogeuka. Nikaanza hotuba yangu ya kuomba radhi, nikaeleza habari za skrubu, za Mzee Hemedi, za kutojua. Neema akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Kutojua nimekuelewa, Fundi," akasema. "Ameniambia alivyohangaika na miguu kule msituni, mlipokunywa maji. Na wewe ulikuwepo. Mbona hukusema pale?"

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikitazama, nikakirudisha mezani, nikaaga. Jibu nilikuwa nalo, ila halikuwa jibu la kumpa mwanamke aliyekaribia kubaki mjane.

Sasa, maana najua mmevumilia ili mpate mnachokitaka. Kama unaanza, anza na bapa, mwaka mzima, mpaka miguu ijue kazi yake bila kusaidiwa. Kwa wenye kupanda milima mirefu, wakishazoea, mtego ni chombo kizuri na sina ugomvi nacho. Lakini ukiufunga, anza na skrubu ikiwa imelegezwa kabisa, uongeze mlio mmoja mmoja, na kila ukiongeza uchomoe mguu mara kumi ukiwa umeegemea ukuta. Udongo wetu ukilowa unaganda ndani ya mtego, kwa hiyo gonga kiatu kabla ya kupanda. Kwenye njia yenye korongo chomoa mapema mguu wa upande wa mlima, ili ukianguka uangukie mlima. Na asiyevaa kiatu hicho asikaze skrubu hiyo. Fundi akikwambia tayari, mwambie apande kwanza yeye.

Elisante alirudi. Mtoto alikuwa amekwisha zaliwa, wa kike. Alikuja karakana akichechemea kidogo, nikasimama. Nilikuwa nimeiandaa baiskeli yake wiki nzima, ile tuliyoiopoa korongoni pamoja na kiatu chake, nimeifungia pedeli bapa mpya. Akazitazama.

"Nifungie mtego," akasema. "Goti likiwa kwenye bapa linayumba. Mtego unalinyoosha."

Nilifunga. Kisha nikampa ufunguo wa L, akalegeza skrubu mwenyewe, akavaa viatu, akachomoa mguu mara nyingi akiwa ameshika ukuta. Akaenda ndani kwa Mama Aika, akamwambia atatoka na mimi. Nilisikia kwa masikio yangu, na machozi yalinitoka bila aibu, kwani nilidhani mambo yale yamekwisha.

Akarudi nje. Akaigeuza baiskeli chini juu, akapiga goti lile zima. Akashika breki ya mbele, akaibinya. Ya nyuma. Akajaribu kila nati niliyoifunga, moja baada ya nyingine, kwa mkono wake, bila haraka, nami nimesimama pale pale mbele yake. Alipomaliza akasema, "Asante, Fundi," akapanda.

Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na moja tangu hapo. Tulikula kwao Krismasi, wakala kwangu Idi. Binti yake ananiita babu. Na kila asubuhi, bila kuruka hata moja, aliigeuza baiskeli chini juu, akashika kila nati niliyoifunga, nami nikasimama nikamngoja amalize.